Nani Amchinje Kuku wa Singida?

Mji wa Singida umezungukwa na mawe makubwa yaliyobebana, huku maziwa ya Singidani na Kindai yakiwa jirani kabisa. Lakini msafiri anayeshuka stendi akitokea Dodoma au Mwanza haulizii heroe wa ziwani. Anaulizia kuku.

Kuku wa kienyeji wa Singida, aliyekua kwa kuchakura uani, amepata jina hadi Dar es Salaam, anakosafirishwa akiwa kwenye matenga. Nyumbani kwao huliwa na ugali wa mtama au uwele, mlenda ukiwa pembeni, na mapishi yake ni ya mafuta ya alizeti inayolimwa humohumo mkoani.

Kabla ya sufuria, hata hivyo, kuna kisu. Singida ina Waislamu, Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste, pengine wote ndani ya ukoo mmoja. Kwa mazoea ya miaka mingi nchini Tanzania, mnyama wa kuuzwa au wa shughuli huchinjwa na Mwislamu. Hata harusi ikiwa ya Kikristo, jirani Mwislamu huitwa mapema, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akachinja, akawaachia wapishi kazi yao.

Je, Mkristo anayemwachia mwenzake kisu amepunguza imani yake? Paulo alilijadili jambo linalokaribiana na hilo katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 10: nyama ya sokoni iliwe bila kuulizauliza, ila mlaji ajizuie pale inapomkwaza mwenye dhamiri dhaifu. Upande wa pili, Sura Al-Maida inaharamisha mzoga, damu na nyama ya nguruwe katika aya ya 3, kisha katika aya ya 5 inahalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu masharti yake, na Waislamu wengi hawatulii mpaka wamjue aliyechinja.

Mwanzoni mwa 2013 mazoea hayo yaliingia doa huko Buseresere, Geita. Mvutano kuhusu haki ya Wakristo kuchinja nyama ya kuuza ulizaa vurugu, na mchungaji mmoja akauawa. Dai lenyewe halikuwa jepesi. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inalinda uhuru wa dini. Kama raia wote ni sawa, kwa nini kisu kiwe cha upande mmoja?

Jibu la kawaida ni kwamba gharama hazilingani: Mkristo akikubali, bado anakula, akikataa, Mwislamu anaondoka mezani na njaa. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasimama juu ya hiari. Anayemwita jirani amemkirimu. Anayelazimishwa hajamkirimu mtu. Tena ustahimilivu huo unakwenda pande zote mbili, kwani kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, nacho kina mabanda na vikaango vyake, na Waislamu wengi hupita hapo bila kugomba.

Kwa hiyo Mkristo wa Singida anayejichinjia jogoo wa familia yake hajamkosea mtu. Akifungua mgahawa au akialika majirani, wajibu wake wa kwanza ni kusema waziwazi nani alishika kisu, ili mgeni aamue mwenyewe kabla ya kunawa mikono.