Kitanda cha Kuning'iniza: Kukisuka au Kukinunua?

Mtu anayekwenda kupiga kambi msituni ana haja ya vitu vichache tu usiku uingiapo: mahali pa kuulaza mwili, kitu cha kumkinga na mvua, na kitu cha kumkinga na mbu. Siku hizi vyote hivyo huuzwa madukani, vimekunjwa ndani ya mfuko mdogo uchukulikao kwa mkono mmoja. Hata hivyo wako watu, tena katika nchi zenye maduka mengi kuliko zetu, ambao huviacha vya dukani wakakesha wakishona na kusuka vyao wenyewe. Hufanya hivyo hasa kwa kile kitanda cha wavu au cha nguo kinachofungwa baina ya miti miwili, ambacho baadhi yetu tumezoea kukiita machela. Huenda msomaji akauliza jambo hili linahusu nini utamaduni wa taifa. Linahusu, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo kila jamii hulijibu kwa namna yake: je, kitu alichokitengeneza mtu kwa mikono yake kina ubora wowote ambao kile cha kununuliwa hakina?

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba kujitengenezea ni nafuu. Jibu hili ni dhaifu. Anayesuka kitanda chake hununua kamba au nguo, hununua sindano, huharibu kipande cha kwanza, na pengine cha pili, kisha hutumia siku nzima kadhaa ambazo angeweza kuzitumia shambani au darasani. Akisema kwamba amekipata bure, maana yake hakuihesabu kazi yake. Na mtu asiyeihesabu kazi yake mwenyewe haelekei kuihesabu ya mwenzake. Ndiye huyo huyo atakayesimama mbele ya msusi wa mikeka na kulalamika kwamba bei ni kubwa mno kwa "majani tu".

Jibu la pili ni la heshima zaidi, nalo ni kujitegemea. Hapa yafaa tuwe waangalifu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilizungumza juu ya nchi na watu wake kwa jumla. Halikumtaka kila mtu ajifungie nyumbani kwake, afue jembe lake, asuke nguo zake na kuwaona mafundi kuwa watu wa ziada. Isitoshe, huyo anayejisifu kwamba amejitegemea hakuilima ile pamba wala hakuichonga ile sindano. Hata ufundi wenyewe alirithishwa. Wavuvi wetu wa pwani, waliokuwa wakisuka nyavu na majarife yao kwa mkono kabla nyuzi za nailoni hazijaenea, walijifunza fundo kwa baba na wajomba zao. Mkono wa mtu mmoja haujawahi kutengeneza kitu peke yake.

Kitanda hiki nacho kimetoka mbali. Christopher Columbus alipofika visiwa vya Bahama mwaka 1492 aliwakuta wenyeji wakilala ndani ya nyavu za pamba zilizoning'inizwa, na neno hamaca, walilolichukua Waspania, limetokana na lugha ya Wataino wa visiwa vya Karibi. Kutoka huko desturi hiyo ilienea. Mabaharia wa Ulaya waliipenda, kwa kuwa kitanda cha namna hii huyumba pamoja na jahazi, nacho asubuhi hukunjwa kikaondolewa njiani. Katika manowari za Waingereza baharia alipewa nafasi ya inchi 14 tu ya kutundika chake. Wamaya wa Yucatán, katika Meksiko, walivisuka kwa nyuzi za mimea ya jamii ya mkonge. Na bandari moja ya huko Yucatán, iitwayo Sisal, ndiyo iliyoupa mkonge jina ambalo ulimwengu wa biashara unaujua.

Basi hapo ndipo hadithi hii inapoingia kwetu. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Daktari Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Miche iliyofika hai katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara ilikuwa 62. Kutokana na hiyo yalitokea mashamba yaliyofunika Tanga na Morogoro, hata mwaka 1964 nchi ikatoa tani zipatazo 230,000 za katani. Watu waliletwa kutoka mbali kwa mikataba, wakapewa namba badala ya majina, wakaitwa manamba. Walikata majani yenye miiba. Majani yakasagwa kwenye mashine waliyoiita korona. Nyuzi zikaanikwa juani, zikapigwa brashi na kufungwa marobota. Katika kila tani mia za majani hupatikana tani nne hivi za nyuzi, na kilichobaki ni maji na makapi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo yote ilipanda meli ikaenda zake. Ni kweli kwamba baadaye vilijengwa viwanda vya kusokota kamba hapa nchini. Lakini kwa miaka mingi mmea uliowalaza watu wa Yucatán ulikua mbele ya macho yetu, nasi tukaujua kama shehena tu. Kisha zikaja kamba za plastiki na nailoni, bei ya katani ikaanguka, na mashamba mengi yakamezwa na kichaka.

Sidai kwamba kila manamba angejisukia kitanda bei ya katani isingeanguka. Biashara ya dunia haiyumbishwi na kitanda. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuishi na kitu maisha yake yote, akakikata, akakibeba na kukipakia, bila kupata nafasi ya kukijua. Na hata neno machela lina kumbukumbu yake. Wakati wa wakoloni lilikuwa ni kile kitanda cha turubai au cha wavu kilichofungwa kwenye mti mrefu, bwana akalala ndani, na wapagazi wakamchukua mabegani. Huyo aliyelala hakukisuka, hakukibeba, wala hakujua fundo lake lilivyofungwa. Alijua kulala tu.

Ujuzi huo wa fundo ndio ninaouona kuwa kiini cha jambo lenyewe. Tuchukue mfano ambao mwalimu wa hesabu au fizikia anaweza kuutumia kesho. Mwanafunzi mwenye uzito wa kilo 60 analala katikati ya kitanda cha kuning'iniza. Kamba za pande zote mbili zikishuka kwa pembe ya digrii 30 kutoka usawa wa ardhi, kila kamba huvutwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wake wote, yaani kilo 60. Akizikaza ili asibonyee sana, pembe ikawa digrii 10, kila kamba huvutwa kwa nguvu ya kilo 173 hivi. Hakuna kamba duniani iwezayo kumbeba mtu ikabaki imenyooka kabisa. Kwa hiyo yule anayekaza zaidi kwa kutafuta usalama ndiye anayejitafutia kuanguka. Jambo hili laweza kusomwa kitabuni likasahauliwa baada ya mtihani. Lakini aliyesuka mwenyewe, akasikia kamba ikilia mkononi, halisahau. Hujifunza pia kwamba kamba nyembamba huikata ngozi ya mti na kuujeruhi, ndiyo maana hutafuta ukanda mpana; kwamba ukilala mshazari mgongo hunyooka; na kwamba upepo unaopita chini ya mwili huchukua joto lake, hata mtu akatetemeka usiku wa Lushoto ingawa amejifunika blanketi mbili, mpaka atandike kitu chini yake. Mkeka hautoshi, lakini husaidia.

Anayenunua huweza naye kuambiwa haya yote. Tofauti ni kwamba halazimiki kuyajua, na binadamu kwa kawaida hajui asilolazimika kulijua. Anapoutundika mwili wake hewani anaiamini kazi ya mtu asiyemwona. Si kosa kuamini hivyo, kwani bila imani ya namna hiyo tusingepanda basi wala kunywa dawa. Lakini kuna imani ya mtu anayejua kazi ilivyo, na kuna ile ya bwana wa machela.

Shule zetu zilipata nafasi ya kuifundisha tofauti hii. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotolewa mwaka 1967, shule zilitakiwa kuwa na mashamba na karakana. Penye mwalimu mwenye moyo, vijana walitoka wakijua kazi. Lakini mahali pengi kazi ya mikono iligeuzwa adhabu: aliyechelewa akapewa jembe, aliyepiga kelele akapewa ufagio, na aliyefaulu akasamehewa vyote. Mtoto aliyelelewa hivyo hawezi kulaumiwa akidhani kwamba kununua ni cheo na kutengeneza ni aibu. Mwalimu asiyeamini na ajaribu kuwapa wanafunzi wake katani, awaache wasuke kitanda kimoja kwa muhula mzima, wakipime kwanza kwa magunia ya mchanga, halafu awaulize ni nani atakayelala wa kwanza. Kimya kitakachofuata kina mafunzo zaidi ya hotuba.

Wala sisemi kila kitu kisukwe. Chandarua, kwa mfano, kinunuliwe, au kipokewe pale kinapogawiwa. Chenye dawa kilichotoka kiwandani humzuia mbu wa malaria kuliko nguo yoyote niwezayo kuishona, na hakuna fahari ya ufundi inayostahili homa ya mtoto. Turubai nalo ni afadhali la dukani. Na palipo na fundi jirani asukaye vizuri kuliko mimi, kumnyima kazi kwa sababu eti ninajitegemea ni uchoyo uliovishwa nguo nzuri.

Aliyekwisha kusuka kimoja, hata kibaya, huwa mnunuzi wa namna nyingine. Akifika dukani hakitazami kitanda kwa rangi yake. Hukigeuza, huzivuta nyuzi, hukagua kitanzi kilichoshonwa mwishoni, hutafuta mahali kamba itakapolika kwanza. Hupatana bei, lakini hasemi kwamba ni kamba tu. Kisha huuliza imesokotwa wapi, na aliyeisokota alilipwa kiasi gani. Mara nyingi mwenye duka huwa na jibu la swali la kwanza. La pili humfanya atazame pembeni na kuanza kupanga bidhaa zake.