Moshi wa Wengi na Wajibu wa Mmoja

Hewa ya mji wa Voi hubeba vumbi la namna mbili, na suala la nani awajibike kwa madhara yake haliwezi kujibiwa kabla namna hizo hazijatenganishwa. La kwanza ni vumbi la udongo mwekundu wa Tsavo, lile lile linalowageuza ndovu kuwa wekundu, ambalo upepo wa kiangazi huliinua bila mkono wa mtu, ingawa panapokatwa miti ya kuchoma makaa ardhi hubaki uchi na hata vumbi hilo likapata mwenyewe. La pili ni kazi ya binadamu: masizi ya dizeli ya malori yatokayo bandari ya Mombasa kwenda Nairobi na Uganda, au yanayokunja Voi kuelekea Mwatate, Taveta na Tanzania, moshi wa kuni na makaa, na moshi wa taka zinazochomwa karibu na makazi. Chembe zinazotisha zaidi ni zile ambazo kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5, yaani milimita 0.0025, udogo unaoziwezesha kufika ndani kabisa ya mapafu na baadhi yake kuingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa mwaka wa chembe hizo usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Dereva anayeacha injini ikinguruma kando ya barabara huku akinywa chai hakusudii kumdhuru yeyote, na mama anayepikia mafiga matatu, hata mabati yaliyo juu yake yakawa meusi tititi, hakusudii pia. Wala hakuna daktari awezaye kuonyesha moshi wa nani umo kifuani mwa mtoto anayekohoa. Ikiwa fungu la kila mmoja halionekani kumuumiza mtu, hatia ya jumla yake inatoka wapi? Jibu ni kwamba hatia hupimwa kwa uwezo wa kutenda vinginevyo. Mama hana nishati nyingine na ndiye wa kwanza kuuvuta moshi huo, ilhali dereva anashika ufunguo mkononi, na mwenye lori asiyelifanyia matengenezo, pamoja na mamlaka isiyozoa taka, wana uwezo mkubwa kuliko wote wawili.

Dini ya jadi ya Wataita, wenyeji wa eneo hili la Voi, ililifahamu jambo hili kwa njia yake. Ndani yake, hasira iliyofichwa moyoni iliaminika kuweza kumletea jamaa maradhi hata bila mwenye hasira kunyanyua mkono, na dawa yake ilikuwa kutasa, ibada ambayo mhusika hupuliza kinywaji kutoka mdomoni huku akitamka kwamba ameitoa hasira yake. Kutokusudia hakukumwondolea mtu wajibu wa kuondoa kilichotoka kwake. Fiqhi ya Kiislamu nayo inakataza kudhuru na kudhuriana, bila kuyabagua madhara yasiyoonekana.

Sheria ya nchi imefika mahali hapo hapo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na Ibara ya 70 inamruhusu anayeona haki hiyo inavunjwa au inatishiwa kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia.