Ngoma ya Kioo na Ngoma ya Ngozi



Mwalimu mwenzangu hapa Bujumbura alinionyesha programu ya muziki katika simu yake. Mtoto akigusa kioo, ngoma hulia. Akikosea mdundo, huonyeshwa kosa lake na kurudishwa mwanzo. Akaniuliza: "Ikiwa kitu hiki chafundisha, kwa nini tuhangaike kutafuta ngoma?" Swali hili si la vyombo tu; lagusa wajibu wetu kwa mtoto.

Tusiudharau msaada huo. Darasa kubwa haliwezi kumpa kila mwanafunzi ngoma yake, na gogo la umuvugangoma haliokotwi njiani. Mashine haichoki kurudia, wala haimcheki anayekosea.

Lakini tuitazame ngoma ya Burundi, ambayo mchezo wake uliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ngoma hupangwa nusu duara, idadi yake daima ni witiri, na moja huwekwa katikati. Chache hushikilia mdundo usiokatika. Nyingine huifuata ile ya kati. Hapo mpigaji akiteleza, wenzake huyumba, naye hujifunza kwamba mkono wake una deni kwa mikono ya wengine. Kosa la kwenye kioo halimyumbishi mtu. Mashine humjibu mtoto, lakini haimhitaji.

Hata hivyo, lipo jambo linalonizuia kukata shauri mapema. Amri ya Rais ya Oktoba 2017 ilikataza wanawake kupiga ngoma hiyo. Basi msichana aliyeketi dawati moja na mvulana ataujaribu wapi mdundo huo? Pengine kioo ndiyo ngoma pekee atakayoigusa. Kumnyima hicho nacho, kwa kuwa si ngoma halisi, si haki. Wala si haki kumpa kioo kisha tukajisifu kwamba tumemtimizia. Mwenye njaa aliyeonyeshwa picha ya ugali hajala.

Kwa maoni yangu, chombo kifundishe sikio, na watu wafundishe utu. Kioo kikishazimwa, mwalimu awapange watoto wote nusu duara, wavulana kwa wasichana, wapige makofi, mmoja akiongoza na wengine wakimwitikia. Sisi wa Kiswahili twalielewa hili: kinasa sauti chaweza kusahihisha matamshi ya "hujambo", lakini anayengoja kusikia "sijambo" ni binadamu.