Neno la Mwenye Kulazimishwa

Katika karne ya pili ya Hijra palikuwa na mwalimu katika mji wa Madina, jina lake Malik bin Anas, ambaye darasa lake lilihudhuriwa na watu waliotoka Misri, Iraki na Andalusi kwa taabu ya safari za miezi, na ambaye, kama wasimulizi wa sira yake wanavyoeleza, alichapwa mijeledi kwa amri ya liwali wa mji hata bega lake likateguka, kwa sababu ya jambo moja alilokuwa akilisomesha: kuwa talaka ya mtu aliyelazimishwa si talaka. Kwa asiyejua hali ya zama zile, hiyo ni mas'ala ya nikaha isiyomhusu sultani. Walakini ukoo wa Abbasi ulikuwa haujatimiza miaka 20 katika dola, watu wengi walikuwa wamechukuliwa bayaa kwa khofu ya upanga, na viapo vile vilifungwa kwa talaka, yaani mtu aliapa kuwa akivunja utii wake mkewe ameachika. Basi mwalimu aliyesema kuwa talaka ya kulazimishwa ni batili alikuwa, apende asipende, amesema kuwa utii wa kulazimishwa ni batili. Na yamkini liwali aliifahamu maana hiyo upesi kuliko wengi wa wanafunzi waliokaa miguuni pa mwalimu.

Habari hii hunirudia kila nisikiapo kuwa serikali fulani imekasirishwa na maneno ya profesa darasani. Nayo hunirudia kwa sababu ya mas'ala yenyewe, zaidi ya ukatili wa mijeledi. Sharia, kwa rai ya wanachuoni wengi, imelibatilisha neno la mwenye kulazimishwa katika ndoa, katika biashara na katika ushahidi, kwa kuwa neno lililotolewa kwa karaha halitupi habari ya moyo wa aliyelitamka. Hutupa habari ya nguvu za aliyemtamkisha tu. Itakuwaje, basi, neno hilo lililo batili mbele ya kadhi liwe halali mbele ya mwanafunzi?

Mwezi wa Machi mwaka 1949 baraza la wasimamizi wa Chuo Kikuu cha California, nchini Marekani, lilipitisha kiapo ambacho, katika umbo lake la baadaye, kilimtaka kila mwalimu aape kuwa yeye si mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, au akose mkataba wake. Rais wa chuo mwenyewe, Robert Gordon Sproul, ndiye aliyelipendekeza jambo hilo, katika miaka ambayo wanasiasa wa nchi ile waliuona Ukomunisti nyuma ya kila mlango. Wengi walitia sahihi, baadhi kwa ridhaa na baadhi kwa ajili ya watoto wao, na sina neno la kumlaumu mtu aliyetia sahihi kwa ajili ya watoto wake. Walimu 31 walishikilia kukataa, na mwezi wa Agosti 1950 wakaachishwa kazi, ilhali hapana hata mmoja wao ambaye baraza lilimtuhumu kuwa Mkomunisti. Kosa lao lilikuwa kutotamka.

Miongoni mwao alikuwa Ernst Kantorowicz, mwanahistoria wa zama za kati, Myahudi aliyezaliwa Posen mwaka 1895, ambaye ujanani alishika bunduki dhidi ya Wakomunisti mjini Munich, na ambaye baadaye aliukimbia utawala wa Hitler. Ni vigumu kumpata mtu ambaye kiapo kile kingekuwa chepesi zaidi ulimini mwake, kwani kila neno lake lilikuwa kweli kwake; na kwa hiyo kukataa kwake kuna uzito ambao kukataa kwa mshukiwa kusingekuwa nao. Mwezi wa Juni 1949 alisimama mbele ya wenzake huko Berkeley akawahadharisha kuwa kiapo kinachoonekana hakina madhara ndicho cha kuogopwa, kwa sababu mtu akishakubali kuapishwa, masharti huongezwa kidogo kidogo naye hana tena mahali pa kusimama. Akasema pia kuwa wako watu wa namna tatu wenye haki ya kuvaa joho, nao ni kadhi, kasisi na mwanachuoni, na kwamba vazi hilo ni alama ya mtu anayehukumu kwa dhamiri yake na kuwajibika kwa Mola wake. Msomaji wa pwani, aliyekua akiwaona mashekhe wakienda msikitini na majoho yao siku ya Ijumaa, hahitaji kufasiriwa maneno hayo. Kantorowicz alihamia Princeton. Na mwaka 1952 Mahakama ya Juu ya California iliamuru wale waliofukuzwa warudishwe, lakini kufikia wakati huo jimbo lilikuwa limekwisha kutunga kiapo chake kingine kwa watumishi wote wa umma. Yaliyohofiwa na mwanahistoria yule yalitimia kabla hukumu haijatoka.

Ugomvi huo ungali hai katika nchi ile ile. Mwaka 2022 jimbo la Florida lilitunga sheria ya kuwazuia walimu wa vyuo vya umma wasiunge mkono darasani rai kadhaa juu ya rangi na jinsia, na mawakili wa jimbo wakadai mbele ya jaji kuwa asemalo mwalimu wa chuo cha umma ndani ya darasa ni neno la serikali yenyewe. Jaji aliisimamisha sheria hiyo vyuoni mwezi wa Novemba mwaka ule. Hoja ya mawakili, hata hivyo, nimeitafakari sana, kwa kuwa ni hoja ya kila mwenye kulipa mshahara, nayo ina sura ya insafu: anayemlipa mpiga zumari ndiye achague wimbo. Lakini kadhi naye hulipwa na serikali, na hapana raia mwenye akili atakayekubali kuwa hukumu ya kadhi ni neno la hazina. Tunamlipa kadhi ili awepo mtu mmoja ambaye neno lake halikununuliwa, na mshahara wa mwalimu, kwa itikadi yangu, ni wa aina hiyo hiyo.

Wala si kweli kuwa wanaoingia darasani kwa mkono wa dola hutafuta uadilifu kila mara. Mwezi wa Machi 1954 mwanauchumi Paul Sweezy alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha New Hampshire, na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Louis Wyman, akamwita amhoji: je, aliwaambia wanafunzi kuwa usoshalisti hauna budi kuja? Sweezy alikataa kujibu juu ya mhadhara wake, akahukumiwa kwa kuidharau mahakama, na ilichukua hadi Juni 1957 Mahakama ya Juu ya Marekani kuitengua hukumu ile. Jaji Felix Frankfurter, alipotaka kueleza uhuru wa chuo ni kitu gani, aliyaazima maneno ya wanachuoni wa Afrika ya Kusini, waliotetea haki ya chuo kuamua nani asomeshe, kisomeshwe nini, kwa njia gani, na nani akubaliwe kusoma. Miaka miwili baadaye, mwaka 1959, serikali ya ubaguzi ya nchi hiyo iliifunga milango ya vyuo vyao kwa wanafunzi wasio weupe. Hoja iliyomwokoa mtu New Hampshire haikuwaokoa wenyewe walioitunga, na jambo hilo hunihuzunisha kila nilikumbukapo.

Nakiri kuwa mwalimu naye ana nguvu. Yeye ndiye atoaye alama, na mwanafunzi mwenye khofu ya kuanguka aweza kulazimishwa na kalamu kama vile mwalimu alivyolazimishwa na mjeledi. Na profesa anayewatesa wanafunzi wasiokubaliana naye ameifanyia khiana ile ile amana anayodai kuilinda. Wazazi wanaolalamika juu ya hayo hawasemi upuuzi. Lakini serikali ikimwondoa mwalimu wa namna hiyo na kumweka mwingine aliyeapishwa, mwanafunzi atakuwa amebadilishiwa mwenye kumlazimisha tu.

Malik bin Anas aliishi miaka mingi baada ya mijeledi ile, na dola iliyompiga ikaja kumtukuza. Yasimuliwa kuwa Khalifa, na wengine humtaja Abu Jaafar al-Mansur, wengine Harun al-Rashid, alitaka kitabu chake, Muwatta, kiwe ndicho pekee kinachofuatwa katika miji yote ya Waislamu, na watu washurutishwe kukifuata. Ni mwalimu gani asiyetamani hayo? Malik alikataa, kwa hoja kwamba masahaba wa Mtume walitawanyika katika nchi mbalimbali, na kila watu wana ilimu iliyowafikia. Akabaki Madina akisomesha. Mmoja wa vijana waliomjia alikuwa Muhammad bin Idris al-Shafii, aliyekuwa amekihifadhi kitabu kile moyoni hata kabla ya kumwona mwandishi wake, akasoma kwake, akampenda, kisha akahitilafiana naye katika mas'ala mengi na kuandika hitilafu zake waziwazi. Madhehebu ya mwanafunzi huyo ndiyo yaliyovuka bahari hadi Lamu, Mombasa na Unguja.