Habbat Sauda Si Hirizi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu wa Nyeri, Karatina, Nanyuki na Meru! Habbat sauda siku hizi huuzwa madukani na milangoni mwa misikiti, nzima, iliyosagwa na mafuta yake chupani. Biashara hiyo ni halali. Ubaya umo katika maneno yanayouzwa pamoja nayo. Mwenye maradhi ya presha huambiwa atupe vidonge vya hospitali, kwani Mtume amekwisha kumtosheleza. Na akisita, huambiwa imani yake ni dhaifu.

Hadithi yenyewe ni sahihi. Bukhari na Muslim wameipokea kwa Abu Hurayra, na maana yake ni kwamba mbegu hii ina ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti. Haimfalii Muislamu kuikanusha. Lakini wanavyuoni hawakuifahamu kama wanavyoifahamu wachuuzi. Al-Khattabi ameeleza kuwa tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni makhsusi. Na Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume alimtajia tende za Madina, na papo hapo akamwelekeza kwa al-Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif. Alikusanya yote mawili. Nani basi aliyetupa sisi ruhusa ya kuyatenga?

Wataalamu wa zama zetu wameipima mbegu hii. Mwaka 2016 yalikusanywa majaribio 11, ya watu wapatao 860, ikaonekana kwamba presha ya juu hushuka kwa kadiri ya vipimo 3. Faida ipo, na tunamshukuru Mola. Lakini mwenye 170 akipungukiwa na 3 hubakia na 167, na khatari huanzia 140. Kidonge kimoja cha hospitali kwa kawaida huteremsha kadiri ya 9, na wengi huhitaji zaidi ya kimoja.

Wala maradhi haya si ya mbali nasi. Uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa katika Kenya kadiri ya mtu mzima 1 katika 4 ana presha, na walio wengi hawajijui. Na mwaka 2018 Nyeri ilikuwa miongoni mwa kaunti 4 zilizochaguliwa kujaribia mpango wa afya kwa wote, kwa sababu ya wingi wa maradhi kama presha na sukari.

Presha haipigi hodi. Mtu hulima kahawa yake na kupanda vilima pasi na maumivu, mpaka siku kiharusi kinapomwangusha, au mafigo yanapokufa. Basi asemaye, "Nimeacha vidonge na najiona mzima," hakuleta ushahidi. Ushahidi ni kipimo.

Sisi huwakataza watu kufunga hirizi, kwa kuwa mtu huitegemea na kuacha sababu alizoziweka Mwenyezi Mungu. Je, anywaye mafuta akakataa kupimwa, ana tofauti gani na mwenye hirizi? Mmoja ameivaa shingoni, mwingine ameitia chupani.

Nawe muuzaji, mche Mola wako. Imepokewa katika Sunan Abi Daud kwamba ajifanyaye tabibu, naye hajulikani kwa utabibu, ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Mjane na mayatima watakuja kukudai mbele ya Hakimu asiyehongeka. Tena usimtie Mtume katika tangazo la bei yako.

Nasaha yetu ni hii. Atakaye habbat sauda na aitumie kwa kiasi, juu ya vidonge vyake, si badala yake. Na amweleze daktari, kwani vyote viwili huteremsha presha, na ikishuka mno nayo ni khatari. Apunguze chumvi, isizidi gramu 5 kwa siku. Na kamati za misikiti yetu zimwalike muuguzi baada ya sala ya Ijumaa awapime watu. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya Sharia, na Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu.

Tunamwomba Mola awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuifuata Sunna kwa elimu. Amin.