Utamu wa Wiki za Mwisho

Kila mwaka kipupwe kinapoingia na muhula wa pili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukikaribia ukingoni, wanafunzi wageni wanaoishi na familia huku Mikocheni hubadilika. Aliyekuwa akilalamikia foleni ya Mwenge halalamiki tena. Aliyekuwa akihesabu siku za kurudi kwao huacha kuhesabu. Ukiwauliza watakwambia hizi ndizo wiki tamu kuliko zote walizokaa nchini. Nyumbani kwetu tumewapokea vijana wa namna hii, na swali hili limenikaa moyoni: utamu huo unatoka wapi?

Jibu la haraka ni uchache: kitu kikikaribia kwisha, thamani yake hupanda. Silikubali. Mshahara ukibaki kidogo na mwezi haujaisha, hakuna anayezionea raha noti za mwisho. Huzishika kwa hofu. Unga ukibaki wa sufuria moja, mama wa nyumba hasikii utamu, anawaza kesho watoto watakula nini. Uchache peke yake huzaa wasiwasi, na kwa wanafunzi wengine ndivyo inavyokuwa. Jumamosi wako Bagamoyo, Jumapili Zanzibar, Jumatatu wanasukumana Kariakoo kutafuta vitenge, kana kwamba wana deni linalowafukuza. Hao wanamalizia orodha, na usoni wamechoka.

Jibu langu linaanzia kwa Aristotle, ambaye katika maandiko yake juu ya maadili alitenganisha namna mbili za matendo. Kujenga hekalu hakutimii mpaka jengo lisimame. Ukikatisha katikati, una nusu ya kitu. Kuona si hivyo. Ukiona umeshaona, tendo limetimia papo hapo, na muda wa ziada haulikamilishi. Raha, alisema, ni ya namna hii ya pili: ni nzima katika kila kipande cha wakati wake.

Mimi naona miezi ya kwanza ya mwanafunzi ugenini ni ujenzi mtupu. Anajenga Kiswahili, anajenga utafiti wake, anajenga wasifu atakaouonyesha kwao. Kila maongezi ni mazoezi, na kila muuza genge ni mwalimu asiyelipwa. Siku inatumika kununulia kitu kingine. Zikifika wiki za mwisho, mitihani imekwisha, alichojenga kimejengwa na alichoshindwa hakijengeki tena. Siku haina cha kununua. Inabaki siku, na hapo ndipo anapoanza kuiona.

Niliishuhudia hali hiyo kwa binti mmoja kutoka Ujerumani. Mwanzoni alikuwa haingii jikoni bila daftari: mbuzi, kifumbu, mwiko, kila kitu akikiandika na maana yake. Wiki za mwisho daftari likabaki chumbani. Jioni moja alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi kimya, akikizungusha kifuu taratibu, na kila upande akauachia pale weupe unapoishia, kabla meno ya chuma hayajafika kwenye ngozi nyeusi inayolitia tui rangi.

"Mama, leo tui la kwanza nilitie mimi."

"Haya mwanangu, ila ukishalitia usiache kukoroga, litakatika."

Miezi mitatu nyuma angekimbilia daftari aandike hilo la tui kukatika. Safari hii alikoroga tu, mvuke ukimpiga usoni, mpaka samaki akaiva.

Mwisho haukumletea utamu ule. Ulimwondolea kisingizio cha kuupita. Na kama ni hivyo, hata sisi wenyeji, tusio na tiketi ya ndege, tungeweza kuuonja siku yoyote. Tunachokosa ni kuacha kidogo kujenga.

Hata hivyo lipo jambo la pili, nalo ni zito zaidi: wiki hizo si za mgeni peke yake. John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere, katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alieleza wakati kwa maneno yetu mawili, Sasa na Zamani. Matukio hutoka Sasa yakarudi Zamani, na aliyekufa hubaki ndani ya Sasa maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Wengi walimpinga aliposema fikra za asili za Kiafrika karibu hazina wakati ujao wa mbali, na naamini walimpinga kwa haki. Lakini hili la jina nalishika. Walter Rodney wa Guyana aliacha kufundisha Mlimani, hapo hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1974, akauawa Georgetown mwaka 1980, na bado Mlimani wanamtaja kama mtu wao.

Mwanafunzi wa muhula mmoja hana ukubwa huo, ila ana watu wake: mtoto wa jirani ambaye yeye alimfundisha kuhesabu kwa lugha ya kwao, kondakta anayejua kwamba huyu hushuka kwa Warioba hata kabla hajasema. Wiki zinazomfurahisha yeye ndizo zinazowapotezea wao mtu. Kuzifurahia kisha kutoweka bila kuaga ni kuchukua raha yote na kuwaachia wenzake pengo. Wapo waliofanya hivyo, na mtoto wa jirani akaendelea kuuliza kaka atarudi lini.

Kwa hiyo wewe unayemaliza muhula wiki hizi, tenga siku isiyo na safari. Pita gengeni, pita kituoni kwa muuza machungwa, uwaage kwa majina yao na uwaachie lako. Nasi tunaowapokea tusiwafanye wageni hadi siku ya mwisho. Tuwape nazi wakune. Na hata siku yenyewe ya safari, ndege ikiwa ni ya usiku, mchana wa kuaga upo.