Kumwachisha Mtoto Chupa: Nasaha kwa Kina Mama Vijana wa La Rochelle

Wanangu,

Naongea nanyi mnaolea huku kusini mwa Johannesburg, La Rochelle na mitaa jirani ya Rosettenville na Turffontein. Mitaa hii imezoea kupokea wageni. Walikuja Wareno wa Madeira, wakafuata wengine kutoka Msumbiji na Angola baada ya uhuru wa 1975, na leo katika nyumba zilezile, kila chumba na mpangaji wake, nasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Kigoma na cha Mombasa. Nyumbani kwetu mtoto anapofikia hatua mpya, bibi na shangazi wapo, na mama hujifunza kwa kuwatazama. Hapa mama yuko peke yake na mtoto wake. Ndiyo maana nasema leo lile ambalo bibi angelisema kuhusu kumtoa mtoto kwenye chupa na kumzoesha kikombe.

Neno langu kubwa ni hili: chupa ina kazi mbili, kulisha na kutuliza. Kikombe kinaweza kuchukua kazi ya kwanza, ya pili hakiiwezi. Ukimpokonya mtoto chupa ukampa kikombe basi, umemwondolea liwazo lake bila kumpa lingine. Atalia, nawe utachoka, na chupa itarudi. Kazi ya kutuliza lazima ichukuliwe na mtu.

Naelewa kwa nini chupa hukaa muda mrefu katika vyumba vyetu. Mama anatoka alfajiri kuwahi teksi ya mjini, mtoto anashinda kreshi, jioni mama anarudi hana nguvu. Ukuta ni mwembamba, jirani naye ana kazi kesho, na mtoto akianza kulia chupa ndiyo inayomnyamazisha upesi. Simlaumu mama yeyote kwa hilo. Lakini wahenga walisema: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kilio mnachokikwepa usiku huu kinaweza kurudi kupitia meno ya mtoto, au kupitia damu yake.

Nianze na meno. Mtoto anapolala na chupa mdomoni, maziwa hubaki yamelowesha meno ya mbele ya juu. Usingizini mate hupungua, na mate ndiyo yanayosafisha kinywa. Vijidudu hula sukari iliyomo katika maziwa, au katika juisi, na kutoa asidi inayotafuna meno. Huanza kama mistari myeupe karibu na ufizi, kisha rangi inakuwa ya kahawia, kisha jino linamomonyoka. Msiseme ni meno ya utoto, yatang'oka tu. Jino bovu linamuuma mtoto, linamzuia kula na kulala, na likitoka kabla ya wakati wake, jino la ukubwani linaweza kuota upande.

Damu nayo ina habari yake. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana. Mtoto anayetembea na chupa kutwa hushiba maziwa, akaletewa maharage, dagaa, mayai au mchicha akageuza uso. Taratibu anaanza kupauka na kuchoka, kwa kuwa damu imepungua. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kabla ya mwaka 1, na baada ya hapo kama nusu lita kwa siku inamtosha. Chai yetu ya majani msimpe, maana inauzuia mwili kupata chuma kilichomo katika chakula. Chai ya rooibos, ambayo wenyeji wengi hapa hutia kwenye chupa, haina kafeini, lakini mkiitia sukari mmerudi kulekule kwenye meno. Na ile tabia ya kukata tundu la chuchu ili uji upite, iacheni kabisa. Uji ni wa kijiko na bakuli. Mtoto anaweza kupaliwa, tena hajifunzi kutafuna.

Kuna pia jambo la usafi, ambalo kwa mkazi wa Johannesburg halihitaji maelezo mengi. Siku maji ya bomba yanapokatika, au umeme wa kuchemshia unapokosekana, chupa ni shida. Ina shingo na pembe, na chuchu ina tundu ambamo maziwa huganda na kuzaa vijidudu vya kuharisha. Kikombe wazi unakiona ndani chote, na maji kidogo na sabuni vinakitosha.

Sasa, lini? Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akifika miezi 6 na kuanza kula, mpe maji kidogo kwa kikombe wakati wa chakula, ukimshikia. Atamwaga, atakohoa kidogo, atacheka. Huko ndiko kujifunza. Anzeni kupunguza chupa akikaribia mwaka, na hata akichelewa, awe ameiacha kabisa kufikia mwaka na nusu. Ninayemsema hapa ni mtoto wa chupa. Anayenyonya mama yake aendelee, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri anyonye hadi miaka 2 na kuendelea.

Kikombe kipi? Madukani mtaona vikombe vya plastiki vyenye mfuniko na mdomo wa kunyonyea, vingine havimwagi hata tone. Hivyo visivyomwaga humfanya mtoto anyonye kwa nguvu kama kwenye chupa, na akizunguka navyo kutwa meno yanaharibika vilevile. Hata sheria ya Afrika Kusini inayozuia kuwatangazia wazazi chupa na chuchu, kanuni zilizotolewa Desemba 2012, imeviweka vikombe vya mdomo na vya mrija katika kundi hilohilo. Kama mnakihitaji kwa safari, chagueni kinachotiririsha kinapoinamishwa, na kiwe cha kupitia tu. Mwisho wa safari ni kikombe wazi, kidogo, kinachoenea katika viganja vyake.

Namna ya kufanya ni hii. Ondoa chupa moja baada ya nyingine. Anza na ya mchana, ambayo haina usingizi ndani yake. Maziwa yale yale yawe kwenye kikombe, mezani au mkekani, pamoja na chakula. Akizoea kwa siku kadhaa, ondoa ya asubuhi, kisha ya jioni. Ya kulalia iwe ya mwisho. Kwa mtoto aliyekwisha kutimiza mwaka, unaweza kuongeza maji kwenye chupa hiyo ya usiku kidogo kidogo mpaka ibaki maji matupu, naye ataichoka mwenyewe. Mtoto wa chini ya mwaka usimpunguzie ukali wa maziwa ya kopo hata siku moja, utamnyima chakula. Usianze akiwa mgonjwa, wala wiki mnayohama chumba, wala siku zake za kwanza kreshi.

Hapo ndipo ile kazi ya pili inapodai mtu wake. Badala ya kumlaza na chupa, mpangie usiku wake: maziwa ya vuguvugu kwenye kikombe, kisha mswaki wenye dawa kiasi cha punje ya mchele, kisha mpakate. Mwimbie nyimbo ulizoimbiwa wewe, msugue mgongo, mtajie majina ya babu zake. Akilia, alie kifuani mwako. Methali niliyoitaja haikusema mtoto aachwe gizani peke yake. Imesema tusibadili msimamo kwa kuogopa machozi yake. Na majirani waelezeni mapema kwamba siku chache zijazo zitakuwa na kelele. Wengi wao wamelea.

Nanyi kina baba, jambo hili si la mama pekee. Mtoto aliyezoea kupewa chupa na mama hukubali kikombe upesi mkononi mwa mwingine, na huo mkono uwe wako. Zungumzeni pia na mlezi wa kreshi na kila anayemshika mtoto, muwe na neno moja. Mama akikataza chupa na shangazi akaitoa mkobani kwa huruma, mtoto anajifunza kulia zaidi, si kunywa.

Mkiona analowesha nepi chache kuliko kawaida, mdomo umekauka, anapaliwa kila anapokunywa, au meno yana madoa, nendeni kliniki. Aliyezaliwa njiti au mwenye ugonjwa, muulizeni muuguzi kabla ya kuanza. Msiogope kwa sababu ya makaratasi. Tangu 1994 watoto chini ya miaka 6 hutibiwa bure katika vituo vya umma vya nchi hii, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilithibitisha kwamba haki hiyo ni ya kila mtoto wa umri huo, awe raia au mgeni. Mkizuiwa mlangoni, lisemeni hilo kwa adabu na bila kutetemeka, na chukueni kile kijitabu chake cha kliniki, Road to Health, kila mnapokwenda.

Wanangu, fanyeni haya bila haraka na bila kurudi nyuma. Siku mtoto akimwaga, futeni, mjazieni tena. Siku mkichoka, ombeni msaada kwa mwenzenu wa chumba cha pili, maana ugenini jirani ndiye ndugu. Mtoto haombi mama asiyechoka. Anataka ajue kwamba chupa imeondoka na wewe umebaki. Mungu awakuzie.